Nani Alitoa Jiwe la Trekta ya Baba

Waliocheka wameshacheka, na wale ambao picha bado haijawafikia kwa simu itawafikia tu, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na kaka yangu Mutwiri. Ni kweli. Jumapili ya mavuno, mbele ya kanisa lote, mimi Kirimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi bila suruali, na suruali yenyewe nilikuwa naiona kwa macho yangu ikienda, imening'inia kwenye ndoano ya nyuma ya trekta ya marehemu baba, na juu ya trekta hiyo alikuwa Reverendi Gitonga na joho lake, ameshika usukani kama mtu aliyeshika pembe za fahali, anazunguka uwanja wa kanisa akipiga kelele, "Kirimi! Kirimi wee! Kitu hii inazimwa wapi?"

Na kwaya (hawa nao Mungu anawaona) walikuwa bado wanaimba. Wanasema hakuna mtu aliwaambia wanyamaze.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu ile kaptura, kwa sababu ndiyo imenimaliza kuliko trekta. Sisi tunakaa juu kabisa chini ya msitu, upande huu wa barabara ya kwenda Embu, na asubuhi huko baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kwa hivyo mimi huvaa kaptura chini ya suruali. Hiyo kaptura mke wangu, Mama Kendi, alinishonea kutoka kwa leso tuliyopewa bure wakati wa kampeni, leso nzuri, nzito, yenye uso wa mheshimiwa katikati. Mama Kendi si fundi wa nguo, alikata tu alivyoona, na uso wa mheshimiwa ukaangukia nyuma, pale pa kukalia, mzima, na meno yake yote. Nikasema si neno, nani ataona? Wakaona. Wakaona wote, na mheshimiwa mwenyewe, ambaye alishindwa na siku hiyo alikuwa amekuja kutusalimia ili tumkumbuke tena, alikuwa safu ya mbele akikula muwa.

Lakini ngoja nirudi nyuma, kwa sababu mtu hawezi kufika mahali kama hapo peke yake. Mtu husukumwa. Na mimi nitawataja walionisukuma, mmoja mmoja, na sitaogopa.

Trekta hiyo baba aliinunua kwa mzungu wa Timau aliyekuwa anafunga shamba arudi kwao. Ilikuwa ya bluu. Baba alilima nayo mashamba ya watu kutoka kwetu hadi chini kabisa Kiambere, kule Mbeere karibu na bwawa, alikuwa anashuka kabla ya mvua na kurudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na sisi watoto tulikuwa tunaisikia ikipanda ile milima kabla hatujaiona, na mama anaweka maji ya kuoga motoni. Baba alipokufa iliegeshwa chini ya mparachichi na hapo ndipo ilipolala miaka na miaka. Kuku walitagia kwenye sanduku la spana. Nyigu walijenga kwenye ekzosi. Kila mtu aliyepita alisema "hiyo imekwisha," na kila aliyesema hivyo nilimwangalia tu.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la sita kwa sababu mtu mmoja nyumbani ilibidi aachie mwingine, na huyo mwingine ni kaka yangu mkubwa Mutwiri, ambaye sasa ako ofisini Embu, anavaa tai hata akija kuangalia ng'ombe. Mwaka huu Mutwiri akaamka na wazo. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale kwa mparachichi, na trekta ikamzuia. Akaniambia, "Kirimi, hii ni vyuma tu. Kuna mtu Majengo hapo Meru ananunua chakavu, atakuja na lori na gesi ya kukatia, tumalize."

Nikamwambia, "Ukileta gesi ya kukatia, anza na mimi."

Tukapelekana kwa Baba mdogo Kiambi, ndugu ya baba, ambaye ndiye amebaki wa kuamua mambo yetu. Mzee akatusikiliza sana, akakunywa uji wake hadi mwisho bila haraka, halafu akasema maneno ambayo naomba myashike, kwa sababu kesi yote iko hapo. Akasema: "Jumapili ya mavuno, trekta iende kanisani kwa miguu yake, iombewe kama vitu vingine vya watu, na irudi nyumbani kwa miguu yake. Ikirudi, inakaa, hakuna mtu ataigusa. Ikivutwa au ikisukumwa na watu, Mutwiri alete lori." Mutwiri akacheka akasema sawa sawa mzee, akanipa mkono. Mkono laini kama wa mtoto mchanga.

Basi nikaanza kazi. Injini ilikuwa imeshikana, pistoni zimeshikwa na kutu kama meno ya mtu aliyekasirika. Nilifungua kichwa chake, nikamwagia dizeli juu ya pistoni, nikaacha, nikamwagia tena, kila siku napita kuziangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa hospitali, na siku moja nikaweka kipande cha mbao juu ya moja nikagonga polepole, polepole tu, na ikashuka. Imeshuka kidogo hivi! Nilikaa chini kwenye kinyesi cha kuku nikalia, na sioni haya kusema. Nikabadilisha ringi. Nikasafisha injekta. Nikatoa hewa kwenye mipira ya dizeli kwa kulegeza nati moja baada ya nyingine hadi dizeli ikatoka bila mapovu, kama baba alivyokuwa anafanya, na mkono wangu ulikuwa unajua kabla kichwa hakijakumbuka. Nikapaka rangi ya bluu. Haikuwa bluu yenyewe kabisa, ilikuwa ya milango ya shule iliyobaki, lakini ni bluu.

Kitu kimoja sikuweza, ni stata. Stata haikuwako. Aliiuza Mutwiri akiwa kijana, baba akiwa Kiambere na pikipiki kutafuta wateja, akanunua viatu vya ngozi vyenye kisigino (mnaona sasa huyu mtu alianzia wapi). Lakini stata si kitu, kwa sababu kwetu milimani stata ni mlima. Kila mtu hapa mwenye gari kuukuu anajua: unaegesha uso ukiangalia chini, unaweka gia, unaweka jiwe mbele ya gurudumu. Ukitaka kuwasha unatoa jiwe, unapanda, unakanyaga klachi, inaanza kuteremka, ikishika mwendo unaachia klachi mara moja na inakohoa inawaka. Baba aliwasha hivyo hadi akazeeka. Na jiwe lake lilikuwa moja, jiwe la mto Thuci, kubwa kama kichwa cha ndama, upande mmoja bapa kabisa kama limekatwa, na gurudumu lilikuwa limelichora mstari mweusi tumboni. Alikuwa analibeba kwenye trekta kila mahali. Mimi nililipata chini ya kuku, nikaliosha.

Jumamosi nikaiwasha pale nyumbani, kwa mlima wetu, nikaipeleka kanisani mchana ili Jumapili nisichafue suti. Ilipanda bila taabu, ikitoa moshi kiasi, watu wanasimama kando wakimtaja Mungu na jina la baba, "Murungu wakwa, si hiyo ni ya M'Mwirigi?" Kanisa letu liko kwenye mteremko. Juu ni kanisa, chini yake kuna uwanja uliolala kiasi, na mwisho wa uwanja kuna choo cha mabati cha wanaume. Nikaiegesha kando ya kanisa, uso chini, gia ya pili, nikavuta waya nikaizima, nikaurudisha waya mahali pake ili iwe tayari kuwaka, nikaweka jiwe. Nikalipiga teke kuhakikisha. Likakaa. Nikaenda nyumbani.

Hapo nyuma niliacha Mama Kananu na kina mama wa kamati ya mapambo, wanapaka chokaa mawe ya kando ya njia, unajua yale yanayopangwa kutoka getini hadi mlangoni, na niliacha Mutwiri pia. Alikuwa amekuja mapema kutoka Embu, amevua koti, anawabebea kina mama viti, anawabebea migomba, anawabebea mawe. Mutwiri! Mtu ambaye hajawahi kubeba hata mwavuli wake! Mama Kananu akaniambia, "Baba Kendi, mbona wewe hauko kama kaka yako?" Hapo ndipo ningefungua macho.

Jumapili nikafika nimevaa suti ile niliyooa nayo. Nikakuta trekta imepambwa, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo: migomba pande mbili, riboni nyekundu kwenye usukani, na kitambaa cheupe kimezungushwa magurudumu yote hadi chini kwenye nyasi. Jiwe sikuliona kwa sababu gurudumu lenyewe sikuliona. Na haikuwa inasonga, kwa hivyo nikajua jiwe liko, kumbe ni gia tu ilikuwa imeishika. Mtu huinua nguo ya bibi harusi kuangalia kama ana miguu?

Ibada ikaenda, mahubiri yakaenda, watu wakaleta kabichi na nduma na ndizi na mbuzi mmoja aliyekataa kuingia, vyote vikarundikwa uwanjani. Halafu tukatoka nje kuombea trekta. Reverendi Gitonga akaja na chupa ya mafuta ya upako. Reverendi ni mtu mzuri, mimi sina neno naye isipokuwa moja: hajui kiasi. Alipaka boneti. Akapaka usukani. Akapaka kiti, na hapo hakupaka, alimwaga, akisema kiti hiki cha baba na watoto wake, na kiti chenyewe ni cha chuma, kimeinama kama sahani. Watu wakasema amina. Mutwiri hakuwa hapo. Nilimtafuta kwa macho ili nione uso wake trekta ikiombewa, sikumwona.

Basi yule mpiga picha tuliyemkodi kutoka Nkubu akasema, "Reverendi, panda juu tupate moja ya ukumbusho."

Reverendi akanigeukia. "Kirimi, iko salama?"

Na hapa ndipo mimi mwenyewe niliweka mkono wangu, siwezi kukataa. Ningesema, Reverendi, simama tu kando yake uweke mkono hapa. Maneno machache tu. Lakini mheshimiwa alikuwa anaangalia, na wakwe zangu walikuwa wanaangalia, na mimi nilikuwa nimevaa suti, na nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mali, "Panda tu, Reverendi! Hii iko salama kama kitanda!"

Akapanda. Yeye ni mtu mzito. Akatafuta mahali pa kuweka mguu wa kushoto, akaona pedali, akauweka hapo wote. Pedali hiyo ni klachi.

Trekta ikaanza kwenda. Polepole sana, kimya, na migomba yake, kama harusi. Watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo mpango. Mimi nikangoja igonge jiwe isimame. Haikugonga kitu. Ikaendelea. Reverendi akanitazama, nami nikamtazama, na kwa kweli hiyo sura sitaisahau, ilikuwa sura ya mtu anayeuliza swali ambalo hataki jibu lake. Nikapiga kelele, "Usiondoe mguu!"

Akaondoa mguu.

Jamani, mimi nimewasha hiyo trekta mara ngapi, nimeibembeleza, nimeitukana, nimeteremka mlima wote wa nyumbani ikikohoa tu, na huyu mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli akaachia klachi mahali penyewe kabisa, kwa mwendo wenyewe kabisa, na ikawaka kwa mlio mmoja! GUU! Moshi mweusi ukafunika kwaya. Na mimi nilikuwa nimeacha ule mkono wa kuongezea injini mafuta uko katikati. Ikaruka na ile riboni.

"Breki, Reverendi! Kanyaga breki!"

Sasa trekta za zamani zina breki mbili, ya gurudumu la kushoto na ya gurudumu la kulia, kila moja na pedali yake. Ukiwa barabarani unazifunga pamoja na kipini. Ukiwa shambani unaziachanisha, ili ukifika mwisho wa mstari ukanyage moja tu igeuke hapo hapo. Baba alikuwa mtu wa shamba na mimi ni mtu wa shamba, kipini sikijui kilienda wapi. Reverendi akakanyaga ya kulia. Gurudumu la kulia likasimama, la kushoto likaendelea, na trekta ikaanza kuzunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokanyaga. Kadiri alivyokanyaga ndivyo ilivyozunguka. Na kile kiti chenye mafuta kikawa kinamtupa upande huu na upande ule, na joho linafunguka kama mbawa, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya heshima, "Huyu hata baba yao hakuwa anageuka vizuri hivi."

Nikakimbia. Hata mkinicheka, semeni na hili: kati ya wanaume wote waliokuwa hapo, aliyekimbilia trekta ni mimi peke yangu, wengine wote walitoa simu. Niliingia kwa nyuma nipande niufikie ule waya wa kuzimia, nikashika chuma, nikainua mguu, na ile ndoano ya kufungia plau ikaingia kwenye mshipi wa suti yangu ya harusi. Mshipi ukakatika. Suruali ikaenda na trekta, mimi nikabaki, na mheshimiwa akajiona.

Ndipo nilipolala kifudifudi, kama nilivyowaambia. Nilikuwa naweza kuamka. Sikutaka.

Raundi iliyofuata, Reverendi akafika kwenye rundo la mavuno, akaachilia kila kitu, akajitupa. Aliangukia kabichi na ndizi, hakuumia isipokuwa heshima, na kitu cha kwanza alichosema alipotoa kichwa ni, "Nani alisema kitanda?" Lakini alipotoka, mguu ulitoka kwenye breki, na trekta ikaacha kuzunguka ikanyooka. Ikateremka uwanja na migomba yake hadi mwisho, ikagonga choo cha mabati.

Choo hakikuvunjika. Kilifunguka. Ukuta wa mbele ulilala chini taratibu, *kraaaa*, na ndani yake, amesimama, simu sikioni, zipu bado iko chini, alikuwa kaka yangu Mutwiri. Na injini ilikuwa imekwama inanguruma chini kwa chini, kwaya imenyamaza mwishowe, uwanja wote umetulia, na sote tukamsikia akisema kwenye simu, "Ndiyo, leteni lori sasa hivi, imeharibika."

Sasa fikirini. Fikirini tu. Mtu ako chooni. Mlango umefungwa. Trekta imemfikia wakati huo huo. Alijuaje imeharibika?

Sikufikiri hivyo wakati huo, kwa sababu nilikuwa na jambo lingine. Niliona magurudumu yanachimba udongo laini wa pale chooni, injini inashuka sauti, na hapo ni mahali palipolala kabisa, hakuna mlima. Ikizima hapo, haiwaki tena. Itavutwa, au itasukumwa. Na Baba mdogo Kiambi amesimama pale juu na fimbo yake, ameona yote. Nikaamka nikakimbia. Nilisikia Mama Kendi nyuma yangu, "Baba Kendi! Leso! Chukua leso!" na nilisikia watoto, na nilisikia ile sauti watu hufanya wanapocheka hadi wanalia. Nikafika nikakanyaga klachi, ikapumua. Ilikuwa hai!

Na Mutwiri akaruka juu ya mabati, anafunga zipu kwa mkono mmoja, na ule mwingine anaunyoosha kwenye boneti. Anapajua mahali waya uko. Alifundishwa na baba kama mimi.

"Wacha nikuzimie, ndugu yangu," akasema. "Tayari umeaibika, usiumie bure. Shuka uvae suruali."

Mimi nikatazama suruali yangu. Ilikuwa hapo nyuma kwenye ndoano, karibu sana. Ningeshuka, ningevaa, ningekuwa mtu tena. Lakini kushuka ni kumwachia waya.

Nikamwambia, "Mutwiri, ukigusa huo waya, leo utaenda Embu bila tai na bila shingo ya kuifungia." Nikaweka gia ya nyuma, nikatoka chooni na karatasi ya bati ikiburutika, nikaweka ya mbele, nikapita katikati ya kanisa lote, safu zikafunguka kama ile bahari, na nikashika barabara.

Nyumbani ni kupitia sokoni. Ilikuwa Jumapili mchana, soko limejaa. Sitaeleza. Nasema tu kwamba trekta ile haina mbio, na kwamba kiti kilikuwa bado kina mafuta, kwa hivyo nilikuwa naendesha nimesimama, mgongo wangu na mheshimiwa wake wanawaangalia watu wa nyuma, na suruali inapepea hapo chini kama bendera, na Mama Kendi anakimbia na leso, "Simama nikufunge!" na mimi, "Siwezi kusimama!" na wenye boda boda wamejipanga nyuma yangu wote wanapiga honi. Mama mmoja wa viazi akasema, "Kumbe kampeni zimeanza mapema mwaka huu." Nikaangalia mbele tu. Niliomba nisikutane na mtu ninayemjua, na hakuna mtu katika hilo soko nisiyemjua.

Nikafika. Nikaegesha kwa mlima wetu, uso chini, nikaizima mwenyewe. Hapo ndipo nilipojifunga leso.

Baba mdogo Kiambi alikuja kwa boda boda, na Mutwiri akaja na gari lake, na lori la Majengo nyuma yake. Mutwiri akaanza kuongea kama watu wa ofisi: ati trekta imeharibu mali ya kanisa, ati imemdhuru mtumishi wa Mungu, ati mimi sikuwa katika hali ya kuendesha. Mzee akamngoja amalize. Akazunguka trekta, akagonga tairi na fimbo, akatoa kipande cha bati kwenye ekseli.

"Nilisema irudi kwa miguu yake," akasema. "Imerudi. Mimi sikusema dereva awe na suruali."

Lori likarudi Majengo tupu. Kwa hivyo trekta iko, na hakuna atakayeigusa. Hilo nashukuru. Lakini mtu hawezi kula shukrani peke yake, kwa sababu mimi tangu siku hiyo sina jina. Naitwa Kaptura. Wakwe zangu wakinipigia simu nasikia wengine nyuma wanajizuia. Mheshimiwa alituma mtu kuniomba picha. Na wiki iliyopita mzee wa kanisa amekuja kuniambia kamati imeamua nijenge choo upya, na nisimame mbele nimwombe Reverendi msamaha.

Nikamwambia nitafikiri. Nikaenda kanisani siku ambayo hakuna mtu, kutafuta jiwe la baba. Pale nilipoliweka, hapakuwa na jiwe. Nyasi zilikuwa zimelala, zina umbo lake, lakini lenyewe halipo. Nikashuka ile njia ya getini naangalia yale mawe ya chokaa, madogo, yamepangwa kama meno, na la mwisho kabisa kando ya geti lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama. Nikaligeuza. Chini, mahali chokaa haikufika, kulikuwa na ule mstari mweusi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kananu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamuuliza jiwe lile lilitoka wapi.

"Si tulikuwa tumepungukiwa na moja," akasema. "Kaka yako akatuletea. Akasema alikuwa analiona limelala bure." Halafu akaona uso wangu, akaacha kuchambua. "Baba Kendi, mimi usinitie kwa maneno yenu. Sisi tulipaka tu."

Nilimpigia Mutwiri. Akasema ati hakumbuki. Mtu aliyesoma hadi akamaliza, hakumbuki jiwe! Akasema pengine alijikwaa nalo. Akasema tusiharibu undugu kwa ajili ya mawe.

Basi mimi ninasema hapa, watu wote wasikie, kwa sababu picha yangu mlisambaza na hili nalo mlisambaze. Choo sijengi, na kwa Reverendi sisimami, hadi Mutwiri asimame kwanza kando ya geti la kanisa, siku ya Jumapili, na tai yake, na kwaya wakiwa hapo, aseme kwa mdomo wake ni nani alilitoa lile jiwe na alikuwa anataka nini kitokee. Reverendi angekufa. Mimi ningekufa. Kwa ajili ya vyumba vya kupangisha.

Na Mutwiri, najua utasomewa hili. Jiwe nimelichukua. Bado lina chokaa. Trekta nimeitoa nyumbani nikaiegesha kwa ule mlima ulio juu ya nyumba yako mpya uliyojenga hapa kwetu, uso chini, kwenye geti lako, gia nimeweka. Jiwe liko mahali pake, na kitambaa sikufunika, kila mtu analiona. Si wewe ulisema lilikuwa limelala bure?

Njoo ulitoe.